Vijana Walioacha Skuli na Wajibu wa Chama Chetu

Ndugu Wanachama,

Katika kurasa hizi desturi yetu ni kuzungumza juu ya miche, majamvi, mizani na bei. Safari hii twaomba mtuwie radhi tuyaweke hayo kando kidogo, tuzungumze jambo ambalo ukilisikia mara ya kwanza utadhani halihusu karafuu, lakini ukilitazama vizuri utaliona limekaa katikati ya shamba. Jambo lenyewe ni vijana wetu walioacha skuli kabla ya wakati, na namna ya kuwarudisha katika elimu.

Kila mmoja wetu anawajua, maana hawakutoka mbali. Yuko mvulana aliyeacha darasa la 5 akafuatana na wavuvi kwenda dago, na dago lilipovunjwa hakurudi tena darasani. Yuko aliyefika Kidato cha 2, mtihani ukamshinda, akaona haya kurudia pamoja na wadogo zake. Yuko msichana aliyeolewa mapema, na mwengine aliyebaki nyumbani kumuuguza mzee, na mwengine aliyekwenda kwenye mwani pamoja na mamake akazoea huko. Na wengi katika hao ni wale waliopanda mkarafuu msimu mmoja, wakaionja fedha ya pishi, na skuli zilipofunguliwa madawati yao yakabaki matupu.

Juu ya hawa wa mwisho yafaa tuseme zaidi, kwa sababu wao wako mashambani mwetu. Msimu mkubwa wa karafuu huanza kiasi cha Julai au Agosti ukaendelea mpaka mwisho wa mwaka, na mwaka wa neema huvuka hata Januari. Mwaka wa skuli nao humalizika katika miezi hiyo hiyo, na mtihani wa Kidato cha Nne hufanywa mwezi wa Novemba. Basi wakati ambao mwanafunzi anatakiwa akae na kitabu ndio wakati ambao karafuu haziwezi kungoja, maana karafuu ikicheleweshwa mtini hufunguka ua, na ikishafunguka thamani yake imekwenda. Shamba lavuta huku, skuli yavuta kule, na mtoto wa miaka 14 hufuata upande ulio na fedha mkononi. Hatumlaumu. Mtoto wa umri huo hana macho ya kuiona miaka 40 iliyo mbele yake. Wenye macho hayo ni watu wazima.

Hebu basi tuitazame miaka hiyo kwa niaba yake. Tabia ya mkarafuu twaijua sote. Mwaka mmoja hubeba mpaka matawi yakainama, mwaka unaofuata hutoa kidogo, na mwaka mwengine hulala kabisa. Mwenye shamba hujipanga kwa hayo: ana muhogo, ana migomba, ana ng'ombe, pengine ana mtoto aliye kazini Unguja au Dar es Salaam. Lakini kibarua asiye na shamba wala elimu hulala pamoja na mkarafuu. Mwaka wa karafuu utamwona na viatu vipya na simu mpya. Mwaka usio na karafuu yuko barazani tangu asubuhi mpaka jioni. Huyo ndiye afuatwaye usiku aombwe kubeba polo la magendo mpaka ufukweni, na ndiye akamatwaye, mwenye polo akiwa amelala kwake. Na akianguka mtini akavunjika, na walioanguka twawajua kwa majina, hana kazi ya kukaa anayoiweza. Mzigo wake huwa wa mzee wake, khalafu wa jamaa zake, khalafu wa mji mzima.

Chama nacho kina hasara yake. Kilimo cha karafuu cha leo si cha kupanda na kungoja tu. Kuna kipimo cha ukavu, kuna daraja za karafuu, kuna stakabadhi ya kituo cha ununuzi, kuna fomu za mkopo, na wenye kulima kilimo hai wana madaftari ya kuonyesha kila kilichoingia shambani. Asiyejua kusoma stakabadhi yake hutegemea uaminifu wa aliyeiandika. Tena tutazame mikutano yetu wenyewe: vichwa vingi vina mvi. Katika miaka 15 ijayo hao tunaowaona juu ya ngazi ndio watakaorithi mashamba, na baadhi yao ndio watakaokaa katika viti vya kamati. Je, tutawakabidhi daftari la Chama wasiloweza kulisoma?

Kuna maneno manne husemwa kila jambo hili linapotajwa, na si haki kuyapita bila ya kuyajibu.

Neno la kwanza: "Kusoma kuna faida gani? Wako waliosoma na hawana kazi." Ni kweli, wako, na hatupendi kuwadanganya vijana kwamba cheti ni kazi. Lakini asiye na kazi aliyesoma na asiye na kazi asiyesoma hawako sawa. Siku nafasi inapotokea, iwe ya mafunzo, ya mkopo au ya ajira, wa kwanza anayo karatasi ya kuonyesha na wa pili hana. Wala hatusemi kwamba kila kijana arudi ili akae ofisini. Tuna vituo vya mafunzo ya amali hapa hapa kisiwani, Vitongoji na Daya Mtambwe, ambako kijana hujifunza ufundi wa mkono. Lakini fundi wa umeme asiyejua hesabu ni khatari kwa nyumba yako, na fundi seremala asiyejua kupima kwa namba atakuharibia mbao. Ufundi nao wataka kusoma.

Neno la pili: "Hiyo ni kazi ya Serikali." Serikali ina kazi yake, na tangu tarehe 23 Septemba 1964 ilipotangazwa elimu bila ya malipo katika visiwa hivi, mtoto wa maskini amepata kuingia darasani pamoja na mtoto wa tajiri. Lakini Serikali haijui kwamba kijana fulani hakwenda skuli leo kwa kuwa yuko juu ya mkarafuu wa bwana fulani. Sisi twajua. Wizara inaweza kufungua mlango. Kumshika mtu mkono mpaka mlangoni ni kazi ya jirani.

Mfano wa nchi yetu unatufunza jambo hili. Huko Bara, mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Hesabu ya mwaka 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba kiasi cha theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma wala kuandika. Kufika mwaka 1986 hesabu za Serikali zilisema wasiojua ni chini ya mmoja katika kila 10. Kazi kubwa kama hiyo haikufanywa na walimu wa skuli peke yao. Madarasa yaliwafuata watu walipokuwa, viwandani, vijijini na katika vyama vya ushirika, na aliyejua akamfundisha asiyejua. Na miaka ya baadaye, mkazo ulipolegea na fedha zikapungua, idadi ya wasiojua ilipanda tena. Moto usiotiwa kuni huzimika.

Neno la tatu: "Wamekwisha kuwa wakubwa, wataona haya." Haya ni kitu kizito, na aliyeacha skuli mara nyingi huzuiwa na hiyo kuliko na umaskini. Lakini haya huondoka mtu anapomwona mwenziwe ametangulia. Jirani zetu wa Kenya walipofuta ada ya skuli za msingi mwaka 2003, mzee mmoja jina lake Kimani Maruge, aliyekuwa na miaka 84, alivaa sare na soksi ndefu akajiandikisha darasa la kwanza karibu na Eldoret, mwaka 2004. Watu walicheka. Mwaka uliofuata mzee huyo alikuwa New York, anazungumza Umoja wa Mataifa juu ya elimu ya watoto. Alifariki mwaka 2009, akiwa mwanafunzi bado. Ikiwa miaka 84 haikumzuia yeye, miaka 19 itamzuiaje kijana wa Ngwachani au Konde? Wazee wetu walikwisha kusema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Neno la nne ni juu ya wasichana, na husemwa kwa sauti ndogo: "Huyu ameshazaa, skuli ya nini tena?" Zanzibar ilimruhusu msichana aliyepata mtoto kurudi skuli kabla ya Bara, na Bara nayo iliondoa kizuizi hicho mwezi wa Novemba 2021. Mlango wa Serikali basi u wazi. Uliofungwa ni wa nyumbani, na ufunguo wake uko kwa baba, kwa mume, na kwa bibi atakayekubali kukaa na mtoto saa mbili kila alasiri. Twawaambia wanachama wenzetu kwa heshima: mama anayejua kusoma husomesha nyumba nzima. Msichana huyu ndiye atakayesoma maandishi ya dawa ya mtoto, na ndiye atakayemwambia mwanawe "lete daftari nilione".

Sasa tuseme namna ya kurudi, maana kijana akiambiwa "rudi skuli" bila ya kuonyeshwa njia huwa amechezewa. Njia ziko tatu. Aliyeacha chini kabisa, hata kusoma hajui vizuri, njia yake ni elimu mbadala, inayosimamiwa na Idara ya Elimu Mbadala na Watu Wazima katika Wizara ya Elimu. Unguja iko kazi ya kuigwa katika Kituo cha Elimu Mbadala cha Rahaleo, ambako masomo na kazi za mikono hufundishwa pamoja. Aliyeacha katikati ya sekondari, njia yake ni Mtihani wa Maarifa wa Baraza la Mitihani la Tanzania, ambao vijana wenyewe wauita QT. Akifaulu huo, ana haki ya kufanya mtihani wa Kidato cha Nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, bila ya kurudi kukaa dawati moja na watoto. Na anayetaka ufundi, njia yake ni vituo vya amali tulivyovitaja. Hakuna katika njia hizo inayomtaka kijana aache kula ili asome. Lakini zote zamtaka awe na mahali pa kukaa, mtu wa kumfundisha, na muda. Hivyo vitatu Chama chetu chaweza kuvitoa.

Mahali tunapo. Maghala na mabaraza yetu hujaa wakati wa msimu, lakini tangu Februari mpaka Juni mengi huwa na popo tu. Umeme tunao, na tangu mwaka 2010 huletwa kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, na taa mbili na ubao mmoja vyatosha kulifanya ghala kuwa darasa. Wavulana wasome usiku baada ya Isha, wakati shughuli zimekwisha. Wanawake wasome baada ya Alasiri, wakati wa mwanga, ili wazee wao wasiwe na wasiwasi. Saa 2 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 20 tu za miezi hiyo, ni saa 200. Saa 200 si kidogo kwa mtu aliyekusudia.

Wa kufundisha wako. Katika kila tawi la Chama hakosi mwalimu aliyestaafu ambaye sasa anapalilia migomba yake, na wako vijana wetu waliomaliza chuo na wanangoja kazi. Hawa wa pili tusiwaombe wafundishe bure. Kijana asiye na kazi naye ana tumbo. Wapewe posho ndogo inayojulikana, nayo ilipwe kwa wakati.

Fedha ya posho hiyo, na ya vitabu, na ya ada ya mtihani kwa asiyeweza, itoke wapi? Sisi tuna shauri moja. Ukichambua karafuu hubaki makonyo, nayo hununuliwa kwa ajili ya kiwanda cha mafuta pale Wawi. Bei yake ni ndogo mbele ya karafuu, na wako wanaoyaacha yakaoza nyuma ya nyumba. Tunashauri kila mwanachama atoe polo 1 la makonyo kila msimu kwa ajili ya mfuko wa masomo wa tawi lake. Twajua kwamba katika nyumba nyingi makonyo ni fungu la akina mama. Basi wao ndio waulizwe kwanza, na wao wawemo katika kamati ya mfuko. Ada ya mtihani itolewe kama mkopo usio na faida, kijana aulipe kwa uchumaji wake msimu unaofuata. Kitu cha kukopa hutunzwa kuliko cha kupewa.

Limebaki la tatu, nalo ni muda. Hapa, ndugu wanachama, ndipo penye uzito, na hatutaki kulizungukazunguka.

Tumesema kwamba mitihani iko Novemba. Kijana atasoma tangu Februari mpaka Juni, atajitahidi, atafika mbali. Khalafu mwezi wa Agosti karafuu zitaiva, na sote tutamtaka. Fedha ya pishi itamwita, bwana shamba atamwita, na babake huenda akamwita pia. Akipanda mti Agosti na asiteremke mpaka Disemba, kazi yote ya ghalani imekwenda bure, na polo za makonyo zimekwenda bure. Darasa, mwalimu na fedha tukivitoa, na muda tukauzuia, itakuwa kama kupanda mche na kuunyima maji.

Kwa hivyo twawaombeni mambo mawili, na tunaomba yaandikwe katika kitabu cha maazimio. La kwanza: kijana aliyejiandikisha kwa mtihani aachiwe tangu katikati ya Oktoba mpaka amalize karatasi yake ya mwisho, na akirudi akute nafasi yake ya kuchuma kwa bwana yule yule, na kwa malipo yale yale. Hii itamgharimu mkulima. Pengine kijana huyo ndiye mchumaji hodari kuliko wote, na mwaka wa mavuno makubwa wachumaji hawatoshi. Twalijua hilo, nasi pia tuna mashamba. Lakini wiki chache za mchumaji mmoja zaweza kugawanywa kwa wengi: matawi yapange wachumaji wa kusaidiana, leo kwangu, kesho kwako, kama tulivyosaidiana tangu zamani katika kulima na kujenga.

La pili: mwanachama yeyote asimchumishe mwanafunzi katika saa za skuli, awe mtoto wake au wa jirani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011 yamhesabu mtu kuwa ni mtoto mpaka atimize miaka 18, na yakataza kazi za kumdhuru au kumkosesha elimu. Kukaa jioni kuchambua karafuu pamoja na wazee na kusikiliza khabari zao ni desturi njema ya nyumba zetu, na hakuna anayeitaka iondoke. Lakini kumtia mtoto juu ya mti siku ya Jumatatu asubuhi, na mwalimu anaita majina darasani, si desturi; ni kukata tawi ulilokalia. Haina maana kuwarudisha walioacha jana huku tukiwatoa wengine leo.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mengi kwa Chama cha wakulima. Tuwakumbushe jambo moja. Mwaka 1872 dhoruba kubwa iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikasalimika. Waliopanda upya baada ya maangamizi yale walijua vizuri kwamba mkarafuu hauzai kesho. Huchukua miaka 6 au zaidi ndipo uonyeshe kitu, na miaka mingi tena ndipo ukomae. Walipanda kwa ajili ya watu waliokuwa bado watoto. Na sisi leo, tukiona pengo shambani, hatusemi "mti huu umekwisha anguka". Twachimba shimo, twatia mche, twauwekea kivuli, na kila siku ya jua kali twaubebea maji. Kijana wa miaka 18 hahitaji kungojwa miaka 6. Katika miaka 2 au 3 anaweza kuwa na cheti mkononi.

Shauri letu basi ni hili: katika mikutano ya matawi kabla ya msimu ujao, kila tawi lichague watu watatu, mmoja wao awe mwanamke, wakae na sheha na mwalimu mkuu wa skuli iliyo karibu, wawatembelee vijana walioacha skuli katika miaka 5 iliyopita. Wasiende kuhubiri wala kukaripia. Waende kuuliza: uliacha kwa nini, na ungependa kusoma nini? Majibu yao ndiyo yatakayotuonyesha darasa gani lifunguliwe na wapi. Na tawi litakalopata hata vijana 6 tu wenye nia, lifungue ghala lao na lianze. Wengine watakuja watakapoona taa inawaka.

Sisi tumeyasema yaliyo moyoni. Anayeona tumekosea katika jambo lolote kati ya haya, na atuandikie, barua yake tutaipiga chapa. Na anayeona ni sawa, asitungoje sisi: leo jioni na apite kwa jirani amuulize kijana wake.

Ni sisi wenu,
Wahariri